Betri ya Uvunguni kwa Bi Mwanamkuu

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo. Fundi sola Vitalis Komba ameinamia sanduku la mbao, anatoboa matundu ya kupitisha hewa. Kando yake kuna inveta ya sola na betri ya mteja, zote zina alama ya ubora. Siku hizi hafungi betri nyumbani kwa mtu bila sanduku kama hili, tena likae nje ya chumba. Ukimuuliza ameanza lini, anatazama chini.

Tangu biashara iwe huria, Kariakoo imejaa inveta za kila aina, na mgao wa umeme umezipa soko. Vitalis, mwenye miaka arobaini na mmoja, alijijengea jina kwa kutogusa kifaa kisichothibitishwa. Aliyeleta cha magendo alirudishwa nacho, na maneno juu.

Machi mwaka huu alimfungia sola Bi Mwanamkuu, mshona madera wa Ilala. Vitalis alitaka betri ikae ukumbi wa nyuma. Bibi akakataa, wezi wa mtaa ule hawalazi damu; akataka iwe uvunguni mwa kitanda. Vitalis alijua betri ikichajiwa hutoa gesi, na maelekezo yalikataza chumba cha kulala. Akakubali.

"Nilijiambia, kifaa kimethibitishwa, kitatokea nini?" anasema.

Mchana mmoja wa Mei, madirisha yakiwa yamefungwa, gesi ilishika cheche na betri ikapasuka. Tindikali ikala godoro, ikamuunguza bibi mguu. Mkaguzi wa viwango akaja, akakuta alama ni halali kabisa. Akauliza nani aliiweka betri pale. Vitalis alikuwa amesimama mlangoni.

"Niliihamisha mwenyewe, mwanangu," Bi Mwanamkuu alimjibu mkaguzi. "Fundi aliniwekea nje."

Mkaguzi akamsema bibi mbele ya majirani waliojaa uani. Wengine wakacheka.

"Mama mtu mzima kasemwa kwa kosa langu, nami nipo, nasikiliza," anasema Vitalis.

Amelipa matibabu na godoro jipya, lakini aibu haijamtoka. Akienda Ilala hupita njia ya nyuma. Majirani wamembandika bibi jina la Mama Betri, ilhali Vitalis wanamwamkia kwa heshima zote. Bi Mwanamkuu mwenyewe bado anamletea wateja. Alipoulizwa kwa nini alidanganya, hakuacha cherehani yake.

"Yule ana watoto wanne, anakula kwa jina lake," alisema. "Mimi wakinicheka, nashona tu."

Vitalis anajua habari hii ikichapishwa gazetini itamfukuzia wateja. Aliposhauriwa jina lake lifichwe, alikataa. Gazeti likitoka atanunua nakala kadhaa, azipeleke kwa majirani wale wa Ilala, mlango kwa mlango, asimame wakisoma.

"Andika Vitalis Komba wa Gerezani," anasema. "Betri niliiweka mimi."