Bunduki ya Papa Yahamia Bengamisa

Papa, baba yangu, alikuwa mkuu wa ofisi ndogo ya serikali hapa Kisangani, na mwindaji wa siku za Jumapili. Bunduki yake ilitundikwa sebuleni, chini ya picha ya Kiongozi. Wageni walisifu vyote viwili, picha kwanza.

Kisha redio ikasoma majina ya watumishi waliopumzishwa kwa heshima. La papa lilikuwamo. Heshima yenyewe haikufika nyumbani. Papa aliacha kunyoa ndevu, akaacha kula hata mboga yake ya pondu, akawa anashinda kitini akitazama ule ukuta. Siku moja akamwambia mama, "Bila mimi mungeishi vizuri zaidi."

Wiki hiyo Chama kikatuita, sisi wenye bunduki nyumbani na majirani zetu, kwenye semina ya silaha. Msemaji alitufundisha kuzificha zisionwe na maadui wa nje. Jirani yetu, muuguzi mstaafu kutoka Maniema, akasimama.

"Na kama mwenye silaha iko na huzuni? Anaweza kujiua."

Msemaji akacheka. "Mama, kujiua ni ugonjwa wa mabeberu. Huku kwetu watu wanacheza!"

Ngoma ikapigwa, tukacheza. Papa naye alicheza, mikono juu, machozi yakimtiririka. Msemaji akamsifu kwa uzalendo wake.

Jioni muuguzi alimfuata mama jikoni, nami nikimenya ndizi. "Saa mbaya inakuja, halafu inapita," alisema. "Ikikuja, bunduki isikuwe karibu naye. Na umuulize wazi. Kuuliza hakumpi mutu wazo hilo."

Mama, ambaye hakuwahi kumuuliza papa hata alikotoka, akaenda kuketi mbele yake.

"Baba ya watoto, unawaza kujiua?"

Papa aliitazama bunduki ukutani. "Bon," akasema. "Nawaza." Akalia. Mama akamshika mikono.

"Asante kwa kuniambia. Donc, basi, bunduki inaenda kwa mudogo yako."

Tonton, mdogo wake papa, alikuja kuichukua aifungie kwenye sanduku la chuma kwake Bengamisa. Risasi alizitunza muuguzi, kabatini, kwa kufuli. Njiani askari walilipekua lori la tonton, wakachukua kuku na mkungu wa ndizi. Bunduki wakaiacha ipite. Nyumbani, katibu wa Chama wa mtaa aliuona ukuta mtupu chini ya picha, akauliza kwa ukali nani sasa anamlinda Kiongozi.

Muuguzi alimpeleka papa kwa daktari, na tonton akawa anakuja kila siku ya soko kukaa naye tu. Haikuwa haraka. Kuna siku alinyoa, kuna siku hakunyoa. Msimu wa mvua ulipokwisha, tonton aliuliza kama airudishe bunduki.

"Ibaki huko," papa akasema. "Uje weye."

Baadaye alianza kuwatembelea wawindaji wenzake wa barabara ya Banalia, akiwaambia wafungie bunduki zao na waulizane hali. Wengi walimcheka. Mmoja alimvuta pembeni, akamuuliza kufuli nzuri inauzwa wapi.