Diski ya Klachi Chini ya Kitanda cha Sulemani

Mimi Rabia wa Arua. Taban mume wangu alikufa, akaniachia lori. Mwaka wa sabini na nne, spea zilipopotea nchi nzima, klachi ikaanza kuteleza. Fundi Yakani akafungua.

"Mama, diski imekwisha. Iko laini kama kisigino chako."

"Kisigino changu wacha. Weka ingine."

"Iko wapi? Sulemani ametoka Vurra mpakani, anasema hata kwa watu ya Kongo hakuna."

Muongo huyo Sulemani. Ni ndugu ya Taban. Jioni akaja kwangu, ananukia marashi.

"Shemeji, diski iko kwangu. Ingia nyumba yangu kama desturi, nayo itaingia lori yako."

"Ndugu yako hajamaliza mwaka kaburini, unanioa na spea?"

"Basi fuga kuku ndani ya hiyo lori."

Hilo neno nikaliweka.

Sulemani akaoza kijana wake Nasur, bibi harusi anatoka Koboko. Akaja kuchukua lori ya kupeleka harusi, eti mali ya ndugu yake. Nikamwambia mbele ya watu, klachi ni ile ile imekwisha, haiwezi mlima.

"Mwanamke anajua nini klachi? Naendesha mwenyewe."

Haya. Nikamwambia Yakani, "Vaa kanzu ya harusi, lakini spana beba."

Tukapita Manibe na vigelegele. Kwenye mlima injini inalia, lori haiendi, harufu ya kuungua imejaa. Yakani akasema wote washuke, na mizigo. Sasa, kwetu sanduku la bibi harusi haligusi chini mpaka lifike kwao, na baba ya bwana harusi ndiye analibeba. Sulemani akasimama juani, sanduku kichwani.

"Yakani, fanya kitu!"

"Bila diski, mzee? Si ulisema hakuna?"

Mimi nimekaa juu ya jiwe. "Beba mpaka Koboko, Sulemani. Ama sema."

Sanduku likaanza kuyumba. Nasur anamtazama.

"Iko moja," akasema. "Chini ya kitanda yangu."

Fatumah, mke wake, akaruka: "Kumbe ndiyo inaniumiza mgongo kitanda ikibonyea!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mutu wa baiskeli akaenda kuileta, Yakani akaifunga. Muda wote huo sanduku liko kichwani.

Ilipokwisha, Sulemani akashika mlango wa mbele.

"Nyuma," nikamwambia, "kwa mbuzi wa mahari. Yakani anaendesha, mimi nakaa mbele. Na habari ya kunirithi, sema tena hapa watu wasikie."

Akapanda nyuma.

Sikumsamehe. Hata leo.