Mguu Wenye Fali

Nikisikia harufu ya pasi ya makaa juu ya pamba yenye unyevu, nyayo zangu hukumbuka kizingiti cha fundi cherehani, jirani yetu wa Nyamirambo.

Kila asubuhi aliningoja mimi nivuke kwanza, kabla ya mteja yeyote. "Ingia, mama, mguu wako una fali," alisema, kisha akanipa vipande vya kitenge vya kumvika mwanasesere wangu. Nikamuuliza fali ni nini. Akasema ni neno la Waarabu, dalili ya heri; kwao ni heri tu, fali mbaya tumeiongeza sisi Waswahili.

"Yako ni ile ya Waarabu," alisema.

Jioni moja wanajeshi walimchukua baba. Asubuhi yake niliwahi dukani, nisije nikamkosesha fundi riziki kwa sababu ya msiba wetu. Mguu mmoja ulishavuka alipouweka mkono wake mlangoni.

"Rudi kwenu," alisema, macho yake yakiwa kwenye cherehani.

Nilipofika kwenye kona niligeuka. Alikuwa anamwaga maji ya chumvi pale nilipokanyaga, anasugua kwa ufagio.