Bonde Tulilolipumzisha Nakivale

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Mbarara, magharibi mwa Uganda, nilisimamishwa kando ya josho, lile birika refu la dawa ambamo ng'ombe huogeshwa ili kupe wafe. Ng'ombe mmoja wa pembe ndefu aliruka vibaya akanilowesha mpaka kofia. Mkubwa wetu, Afisa Mifugo, hakucheka. Alinipa leso yake, akasema, "Sasa kupe hawatakusumbua. Endelea na kazi." Yeye alitoka kaskazini, mimi ni Mnyankole, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, na nilimpenda tangu siku hiyo.

Baadaye alinihamishia Nakivale, makazi ya wakimbizi kando ya ziwa. Ilikuwa miaka ya themanini, na wakimbizi wengi wa pale walikuwa Wanyarwanda, baadhi yao wafugaji waliovuka mpaka na mifugo yao. Malisho ya kando ya ziwa yalikuwa yamechoka. Nyasi zililiwa kabla hazijatoa mbegu, ardhi ikabaki uchi, mvua ikazoa udongo. Afisa alitaka bonde moja chini ya Base Camp, kituo kikuu cha makazi hayo, lifungwe msimu mzima wa mvua, lipumzike, ng'ombe waingizwe kiangazi. Na ili malisho yaliyobaki yatoshe, kila mfugaji auze maksai wake, yaani madume waliohasiwa, wangali wanene.

Nilipowaeleza wafugaji mkutanoni, wote walimtazama Mzee Kayumba, mwenye kundi kubwa kuliko wengine.

"Dokita," aliniambia, maana ndivyo walivyotuita watu wa mifugo, "nyumba niliacha. Shamba niliacha. Hawa ndio walikuja na mimi. Sasa nawe unataka wapungue?"

Kesho yake nilirudi na Afisa, naye akachuchumaa kando ya mzee.

"Mzee wangu, ukibaki nao wote, kiangazi kitakuchagulia wa kufa. Leo unaweza kuchagua mwenyewe wa kuuza."

Kayumba akauliza, "Na Gaju?"

Gaju alikuwa ng'ombe jike wa kahawia, mzee, asiyezaa tena. Kwa hesabu za kazi yetu, huyo ndiye wa kuondoka kwanza. Nilifungua kinywa niseme hivyo, Afisa akanishika mkono.

"Gaju abaki. Bonde halitashindwa kumlisha bibi mmoja."

Basi Hajji Sulaimani, mchinjaji wa Mbarara, akaja na lori lake kuwachukua maksai. Kayumba aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, walipokuwa wakipanda.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Wafugaji walileta makundi yao mdomoni mwa bonde, wakitaka nifungue. Nyasi zilikuwa mbichi bado, hazijakomaa, na Afisa alikuwa Mbarara. Ng'ombe walilia. Ndipo Kayumba akaja na fimbo yake, akasimama njiani.

"Wangu pia wana njaa," aliwaambia. "Niliuza maksai sababu ya nyasi hizi. Tungoje zikomae."

Walibishana mpaka jua likainama, kisha wakageuza makundi. La kwake liligeuka la kwanza.

Tulipofungua, majike waliingia mbavu zikihesabika, lakini kwa miguu yao, na ndama wengi walipona. Msimu uliofuata, kabla sijaitisha mkutano, Kayumba alikuja ofisini kwangu. "Dokita, tunafunga lini?"

Gaju alikula nyasi za bonde lile miaka kadhaa bila kutupa ndama hata mmoja, mpaka akafa kwa uzee. Nilikwenda kumpa mzee pole. Nilimkuta Afisa ameshafika, amevaa tai.

Nimestaafu, naishi Mbarara. Wataalamu vijana hunitembelea na vipimo vya nyasi ambavyo sisi hatukuwa navyo, nami hufurahi kuviona. Huniuliza nini kiliokoa malisho yale. Nawaeleza kuhusu kupumzisha ardhi, nawaeleza kuhusu kuuza maksai mapema, kisha nawasimulia juu ya mtu aliyewarudisha ng'ombe wake mwenyewe wakiwa na njaa. Nikiona wana haraka, naanza na huyo.