Maji Katika Maganda ya Mayai

Mwanangu wa kiume alianza kusema mapema, kisha akaacha. Alikuwa na maneno yake ya kwanza kama watoto wote: maji, dada, taa, toka. Hilo la "toka" alikuwa akiiambia mashine ya kufyonza vumbi, nasi tukicheka. Alipokaribia miaka miwili maneno yakaanza kupungua, moja moja, mpaka siku moja nikashtuka kwamba nyumba imenyamaza. Akawa anaguna wimbo wa sauti moja tu na kuzungusha vifuniko vya sufuria sakafuni. Ukimwita, hageuki. Daktari wetu hapa Rockville, Marekani, akatuambia ni usonji. Mume wangu akauliza dawa yake nini. Daktari akasema kuna mafunzo, dawa hakuna.

Dada yake alikuwa na miaka kumi na mitatu, na wakati huo ndipo alipozama katika vitabu vya Ayalandi. Anaelewa Kiswahili chote lakini hunijibu kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno yake nayaandika kwa lugha yangu. Alikuwa akivitoa maktaba, vinene kama matofali, majalada yana vilima vya kijani na ukungu. Zilikuwa riwaya za zamani za nchi hiyo, za njaa na makabaila na vita, ila ndani yake mna watu wengine wanaoishi chini ya vilima, wasiozeeka, wanaotoka usiku kuiba watoto wa binadamu.

Nilimuuliza, "Umeona nini kwa hao Waayalandi? Mbona hadithi za kwetu hutaki?"

Akasema, "Kwao mtu akipotea, kuna anayekwenda kumtafuta."

Sikulitilia maanani jibu lile. Nilikuwa na mtoto wa kumpeleka mafunzoni, na zamu zangu katika duka la dawa. Mume wangu alikuwa akitoka alfajiri kwenda kazini kwenye ghala huko Manassas. Binti anayesoma kimya kwenye kochi alikuwa kwangu ni neema.

Majira ya kuchipua mama yangu akaja kutoka Tanga kunisaidia. Alipomwona mjukuu wake alimchukua kifuani, akamwita "mume wangu", kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu wa kiume. Mtoto akajipinda akateleza chini kurudi kwenye vifuniko vyake. Mama akabaki mikono wazi.

"Huyu si yule niliyekuwa nikimwona kwenye simu," alisema.

"Ndiye, mama. Anaumwa usonji."

"Mimi sijui hilo. Najua yule alikuwa akiniita."

Jumapili moja niliingia jikoni nikakuta maganda ya mayai yamepangwa juu ya jiko, kila moja lina maji kidogo, moto umewashwa chini. Binti yangu alikuwa amemkalisha mdogo wake kwenye kiti kirefu, amekaa mbele yake, anamtazama usoni bila kupepesa. Mama yangu alisimama mlangoni na tasbihi mkononi.

"Unafanya nini?" nikauliza.

Alisitasita kwanza. Akanieleza kwamba zamani Ayalandi watu waliamini kuwa mtoto mzuri akibadilika ghafla, akaacha kusema na kucheka, basi ameibwa. Waliomwiba wamemweka wa kwao mahali pake, kiumbe mzee mwenye sura ya mtoto. Ukitaka kumjua, pika maji kwenye maganda ya mayai. Atastaajabu mpaka ajisahau na kusema, kwamba tangu azaliwe hajaona mapishi kama hayo. Akishasema amejifichua, itabidi wenyewe waje wamchukue na kumrudisha yule wa kweli.

"Nataka kuandika hadithi yangu," akaongeza haraka. "Nilitaka kuona inavyokuwa."

Mwanangu aliyatazama maganda. Akanyoosha mkono kulishika moja, nikawahi kuzima jiko. Akachukua ganda lingine tupu, akaliweka juu ya meza na kulizungusha. Likazunguka, likapasuka. Hakusema kitu. Nilimwona binti yangu mabega yanashuka, na hapo nikajua kuwa hakuwa akitafuta hadithi.

Mama akataka kujua yanayosemwa. Binti akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Bibi, watu wa chini ya mlima wanaiba mtoto. Wanaacha mwingine."

Mama akashika kifua. "Kumbe hata wazungu wanajua!"

"Ni hadithi tu, mama," nikasema.

"Hadithi huanza na jambo, mwanangu."

Tangu siku hiyo wale wawili, ambao walikuwa wakielewana kwa ishara na chapati, wakawa wanazungumza. Nikitoka kazini nawakuta pamoja kwenye kochi, binti anatafsiri kurasa, bibi anatikisa kichwa. Binti akamweleza habari ya koleo la chuma linalowekwa juu ya susu, kitanda cha kubembelezea mtoto, ili wale watu wasiikaribie, naye bibi akamweleza kisu kinachowekwa chini ya mto wa mtoto mchanga kwetu. Nilifurahi kumsikia binti yangu anahangaika na Kiswahili. Nilipomwambia mume wangu, yeye hakufurahi. "Mama ana hofu yake, na mtoto anampa maneno," alisema. "Waangalie hao."

Jumamosi moja mchana nilirudi kutoka zamu nikakuta gari la zimamoto mbele ya jengo letu, na majirani wamesimama kwenye nyasi. Kengele ya moshi ilikuwa ikilia bado. Binti yangu alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, amempakata mdogo wake, mguu wa mtoto umefungwa taulo lililolowa. Mama alisimama pembeni, kanga imemwanguka begani, mbele ya mwanamume wa zimamoto aliyekuwa akimuuliza maswali kwa upole. Mama alikuwa akimjibu kwa Kiswahili, na binti yangu anatafsiri.

Nilifika nikamsikia mama akisema, "Nilikuwa namfukiza ili huyu aliyemo atoke."

Binti yangu akamwambia yule mtu kwa Kiingereza, "Bibi anasema alikuwa akituombea na kufukiza nyumba harufu nzuri."

Hospitalini, tulipokuwa tukisubiri daktari, ndipo binti yangu aliponieleza. Bibi alinunua makaa ya ubani kwenye duka la Waarabu, akayawasha katika chetezo alichokuja nacho sandukuni. Walimkalisha mtoto sakafuni chumbani, wakamfunika kanga pamoja na moshi. Mwanangu huyu hawezi hata kofia kichwani. Akapiga kelele. Bibi akasema, anayelia si yeye, mshikilie. Naye binti yangu akaishika kanga upande wa pili.

"Mama, nilishika," aliniambia. "Na nilikuwa najua."

"Ulijua nini?"

"Mwisho wa vile vitabu mwandishi huwa anaweka kurasa za kueleza yapi ni kweli. Kwenye riwaya mtoto anarudi. Kwenye zile kurasa wanasema kweli walikuwepo watu waliowatia watoto wao moto, waliowaacha kwenye maji, eti warudishiwe watoto wao wa kweli. Hakuna aliyerudishiwa. Wale wale ndio waliokuwa watoto wao tangu mwanzo. Nilizisoma, mama. Halafu nikashika kanga."

"Ukamwachia?"

"Aliniangalia kutoka ndani ya kanga. Huwa haniangalii. Basi nikaitupa kanga nikamvuta, chetezo kikapinduka."

Kaa moja lilimgusa mguu, mengine yakaunguza zulia. Jeraha lilikuwa dogo, kama shilingi. Lakini hospitalini mtoto asiyeweza kusema akiungua, watu lazima waulize. Wiki iliyofuata mama mmoja wa ustawi wa jamii alikuja nyumbani. Alikuwa na adabu. Alifungua friji, akatazama vitanda, akazungumza na binti yangu peke yake chumbani mlango umefungwa. Mimi nilikaa jikoni na mama yangu, hatuangaliani.

"Wanaweza kumchukua?" mama akauliza.

"Wanaweza."

Akasema, "Wewe ulipokuwa na degedege nilikufukiza, ukapona. Niliyonayo ndiyo hayo. Ningekuwa na mengine ningekuletea."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, yote makali, na nilikuwa nimeyapanga njiani tangu hospitali. Nilimwangalia miguu yake iliyovimba ndani ya ndala, nikashindwa. Nikampa chai.

Hawakumchukua. Walituonya, wakaja tena mara mbili, wakalifunga jambo. Mume wangu alimkatia mama tiketi ya kurudi kabla ya wakati wake, na mimi sikumzuia. Kwenye uwanja wa ndege wa Dulles mama alimkumbatia binti yangu muda mrefu, akamnong'oneza kitu. Mpaka leo binti hajaniambia ni nini. Mtoto alikuwa amelala katika kigari, na bibi yake hakumgusa, kwa kuogopa kumwamsha au kwa kuniogopa mimi, sijui.

Vile vitabu vilirudi maktaba na binti hakuchukua vingine. Nilidhani nitafurahi. Kochi likabaki tupu, yeye akawa mtu wa kusaidia kila kitu bila kuombwa: kumlisha mdogo wake, kumvua viatu, kukaa naye kwenye mafunzo ya kadi za picha. Alikuwa akifanya kama mtu anayelipa. Nikaenda maktaba mwenyewe nikaazima kimoja, chenye kilima, nikawa nakisoma wakati wa chakula cha mchana nyuma ya duka la dawa. Kiingereza chake kilinitoa jasho. Nilifika mahali mama mmoja anakaa karibu na moto na mtoto asiyesema mapajani, majirani wanamwambia la kufanya, nikakifunga.

Tukiwa garini siku moja, tunampeleka mdogo wake Bladensburg kutazama bata mtoni, binti aliniuliza, "Mama, na wewe uliamini? Hata kidogo?"

Nilitaka kusema hapana. "Kidogo," nikasema. "Siku nyingine bado namngoja yule aliyekuwa akisema 'toka'."

Alitazama nje dirishani. "Mimi pia."

Kiti cha nyuma mwanangu alikuwa akiguna wimbo wake. Ana miaka mitano sasa, na hajasema neno. Akitaka maji analeta kadi yenye picha ya glasi, anaibandika mkononi mwako na kusubiri.