Magoti ya Basili

Basili Margwe alikuwa mbeba magunia katika shamba la ngano la serikali, huku chini Hanang, na mwenye nguvu kama zake mimi sijaona tena. Mimi Perpetua nilikuwa nawapikia vibarua uji, kwa hiyo nilimwona kila asubuhi. Kila mavuno yalipoisha aliambiwa arudi kwao Dongobesh, kule juu Mbulu, kama wenzake, asubiri kuitwa tena.

Huko Dongobesh alikuwa na mke, Letisia, na binti mdogo, Teresia. Aliporudi nyumbani msimu mmoja, yule mtoto alimwamkia kama mgeni, kisha akajificha nyuma ya bibi yake. Basili alinisimulia hayo huku anatazama bakuli lake mpaka uji ukapoa. Kibarua hapewi nyumba kambini. Mwajiriwa wa kudumu hupewa chumba, akaishi na watu wake. Basili alikuwa hataki kitu kingine.

Mwaka ule meneja alitangaza kwamba timu ya riadha ya shamba imepungukiwa watu, na kibarua atakayefaulu majaribio ataajiriwa. Basili hakuwa amekimbia tangu aache shule. Jioni ileile alivaa katambuga zake za tairi, akaingia barabara ya matrekta.

Nikolausi wa karakana, kiongozi wa timu, alimwonya vizuri tu. "Kaka Basili, anza na kutembea. Kimbia kidogo, tembea, kimbia tena. Siku nyingine pumzika kabisa."

"Kutembea?" Basili alicheka. "Nimeshuka kutoka Mbulu kwa miguu, halafu nifundishwe kutembea?"

Sisi watu wa huku tuna kiburi hicho, na kinaniudhi mpaka leo. Tunadhani mbio tumezaliwa nazo. Mtu mzima akionekana anatembea katikati ya mazoezi, wanawake wanaopepeta ngano watamcheka mpaka habari zifike kwao. Basi Basili alikimbia bila kupunguza, kwenye ardhi ngumu, na mchana kutwa alikuwa amebeba magunia.

Haikuchukua muda magoti yakaanza kumuuma. Akawa anashuka ngazi za ghala kinyumenyume, ameshika ukuta.

"Shikamoo mama," alinisalimu asubuhi moja, akikaa kwenye benchi kwa taabu.

"Marahaba. Miguu imefanyaje?"

"Uvivu ndio unatoka, mama."

Uvivu! Nilimchua kwa mafuta ya mkia wa kondoo. Akapata nafuu, na kesho yake akakimbia mara mbili kufidia. Nilimfokea apumzike. Alinijibu kwa upole kwamba majaribio hayatamngoja. Tangu hapo akawa anafunga magoti kwa vipande vya gunia ndani ya suruali, msimamizi asione. Na kabla hajakimbia jaribio lolote, alimpa dereva wa lori ujumbe kwa Letisia: funga vyombo, uje na mtoto, nyumba ipo.

Nyumba haikuwapo. Siku chache baadaye goti la kulia lilivimba likakataa kukunjika, naye akaanguka na gunia mgongoni mbele ya watu wote. Msimamizi alipandisha ile suruali, akatazama, akamwita mtu mwingine ashike nafasi yake. Hata kibarua kikaota mbawa.

Siku ya majaribio Basili alikaa jikoni kwangu, mguu ameunyoosha. Wakimbiaji walipita na vumbi lao. Hakuwatazama. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Mchana lori likasimama. Letisia akashuka na godoro, masufuria na mtoto, uso wote furaha. Aliniamkia kwa heshima, kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Teresia, nyumba yetu ni ipi? Ile yenye mlango wazi?"

Basili aliushika mguu wake kwa mikono miwili.

"Kaa kwanza, mwanangu, unywe uji," nilisema.

"Nitakunywa, mama. Ngoja nikafagie kwanza, mtoto asilale kwenye vumbi."

Akachukua ufagio wangu, akamshika binti yake mkono, wakaelekea kwenye nyumba za waajiriwa. Basili alijiinua, akapiga hatua moja, goti likamwangusha. Akabaki pale chini anamwita mkewe kwa sauti iliyokauka, na Letisia alikuwa ameshafika mbali.