Tarulata Akataa Kinanda

Tangu Tarulata atangaze kwamba anataka kujifunza muziki, kila mtu katika mtaa wao pale Srirampur, huko Bengali, alikuwa ameshamchagulia chombo, isipokuwa yeye mwenyewe. Jirani wa ghorofa ya juu, mke wa daktari wa meno, alisema kinanda. Mkwewe, mume wa binti yao Tukai, alipiga simu kutoka Pune akasema kinanda, akaongeza kwamba vidole vya mtu wa miaka hamsini na sita haviwezi nyuzi. Hata mwuza samaki, huku akiparua magamba ya hilsa, alisema mwanamke mwenye heshima zake anapendeza akikaa nyuma ya kinanda. Mumewe, Nikhilesh, yeye alitabasamu tu, tabasamu la mtu aliyeficha zawadi mahali.

Kinanda wanachokisema ni kile cha kukaa nacho sakafuni, mkono mmoja ukisukuma mvukuto kwa nyuma na mwingine ukibonyeza vibao kwa mbele. Pale mjini ni nyumba chache zisizokuwa nacho, juu ya kabati au chini ya kitanda, kimefunikwa kitambaa kilichotariziwa maua. Usidhani ni mapenzi ya muziki. Kinakaa pale kwa sababu nyumba ina binti, au iliwahi kuwa na binti, na binti anafundishwa nyimbo mbili. Tatu za nini? Mbili zinatosha kumwoza.

Tarulata alifundishwa zake akiwa na miaka kumi na tisa, nyumbani kwa mjomba wake, maana baba alikwisha kufa. Muziki wenyewe hakuna aliyejisumbua kumfundisha. Alionyeshwa kidole hiki kiende hapa, kile kiende pale, basi. Mara mbili mwalimu alikuja na mzee mmoja mpiga tabla, na siku hizo tu ndipo Tarulata aliposikia kitu: zile ngoma mbili ndogo, moja ya mti na moja ya shaba, zikisemezana chini ya mikono ya mzee asiyemtazama mtu. Mjomba akaona mzee ni gharama ya bure, akamwachisha.

Kisha wakaanza kuja watazamaji. Walikuja Jumapili saa kumi jioni, watu sita au saba, baba wa kijana, shangazi zake, rafiki yake mmoja wa kuchekacheka, na kijana mwenyewe katikati kama mgonjwa. Waliketishwa sebuleni, wakaletewa sinia la vitamu vya maziwa vinavyoogelea kwenye shira. Tarulata aliingia kichwa chini na chai. Aliambiwa atembee mpaka dirishani na kurudi, wasije wakauziwa kiwete. Aliambiwa afungue nywele, zisije zikawa za bandia. Shangazi mmoja alimshika kidevu akamgeuza uso kwenye mwanga, huku na huku, kama anakagua biringanya. Halafu ndipo waliposema haya, mwanangu, tuimbie. Naye aliimba, nao wakatafuna.

Kundi moja, la tatu kama si la nne, baba mtu alijitia mjuzi wa vyombo. Hakunawa. Alijikokota mpaka kwenye kinanda, akabonyeza vibao kwa vidole vilivyotapakaa shira, akacheua, akatoa hukumu kwamba sauti za chini zina mushkeli. Jibu lao lilikuja katikati ya wiki: binti ni mweusi kidogo. Kinanda kilikuwa cha kuazima, na mjomba alikifunika vilevile kilivyo. Jumapili iliyofuata Tarulata aliketi mbele ya watu wengine, vibao vikamnata vidoleni, sisimizi wakapanda kutoka kwenye nyufa mpaka kwenye vifundo vya mikono yake, naye akaimba wimbo wa kwanza na wimbo wa pili. Hakuthubutu kujipangusa. Uchafu ule hajausahau mpaka leo, na angeusimulia, jambo ambalo halifanyi, mtu angedhani ni wa jana.

Kundi la saba ndilo lililokuwa la akina Nikhilesh, nao wakakubali. Siku ya tatu ya ndoa mama mkwe alimweleza kwamba kuimba kulikuwa kwa posa, sasa kuna masufuria. Tarulata hakulia. Ukweli ni kwamba alishusha pumzi.

Miaka ikaenda. Nikhilesh si mtu mbaya, na hilo ndilo linalochosha. Hampigi mtu, hanywi, alifanya kazi ofisi ya mizigo ya reli mpaka akastaafu mwezi wa Choitro, ule wa mwisho wa mwaka wa Kibengali, na katika maisha yake yote hajawahi kumuuliza mkewe anapenda nini, kwa kuwa aliamini anajua. Siku tano baada ya kustaafu alimwambia avae sari ya hariri, wanatoka. Alimpeleka moja kwa moja kwenye duka la Gobindo Karmakar, mwuza vyombo vya muziki, mtu mnene mwenye unga mweupe wa kupaka ngoma mpaka kwenye nyusi.

Kila kitu kilikuwa kimepangwa. Katikati ya duka, juu ya mkeka mpya, kiliwekwa kinanda kikubwa cha mti wa msaji, na ubavuni kimeandikwa TARULATA kwa herufi za dhahabu. Marafiki watatu wa Nikhilesh wa kilabuni walikuwa wameketi wakingoja. Gobindo aliwapitishia visahani, na juu ya visahani, vikichuruzika shira, vilikuwepo vile vile vitamu.

"Karibu, shemeji, karibu," Gobindo alisema. "Kaka ametueleza yote. Kumbe ulimkamata kwa wimbo!"

Nikhilesh alikuwa anang'aa kwa furaha. Aliwaeleza wenzake habari za Jumapili ile, jinsi alivyoingia hana habari akatoka hana moyo, na jinsi wimbo ule ulivyokuwa kama umetungwa kwa ajili yake. Tarulata alimsikiliza huku akihesabu. Wimbo ule ulikwisha kuimbiwa makundi sita kabla yake, pamoja na lile la baba aliyecheua.

"Mama Tukai," mumewe alisema kwa upole, "tuimbie ule wa kwanza. Ule wa siku ile."

Wale watatu walijikalia vizuri. Mmoja alikuwa na tonge shavuni na alikuwa ameacha kulitafuna ili asikie. Tarulata alilitazama shavu lile limetuna, akaona anawachukia wote, na wema wao, na midomo yao inayong'aa, na zaidi ya yote jina lake mwenyewe limebandikwa pale kama lebo ya mzigo wa reli. Alijua akikaa kwenye mkeka ule leo, atakaa mpaka afe.

"Kimekupendeza wewe, baba Tukai," alisema. "Kaa ukipige wewe."

"Mimi? Mimi sijui."

"Mimi pia sikuwa najua. Kaa tu. Ukimaliza utasimama, utatembea mpaka pale mlangoni na kurudi, tukuone."

Nikhilesh alicheka, akidhani ni utani, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Uso ukamshuka. Alimsogelea mkewe akanong'ona kwamba watu wanatazama.

"Ndiyo," Tarulata alisema. "Ndivyo wanavyofanya."

Akamgeukia Gobindo akamwambia anataka tabla. Gobindo alijikuna. Alieleza kwamba tabla ni mapigo, ni viwiko, ni miaka, kwamba hana kinyongo na wanawake lakini shemeji aangalie mikono yake. Alikuwa anaonyesha bangili za Tarulata, ile nyeupe ya kombe na ile nyekundu, kila mkono jozi, ambazo mke havui mumewe akiwa hai. Zitagonga kwenye mbao, alisema, zitapasuka, na bangili kupasuka ni mkosi kwa kaka. Ndiyo maana wanawake wanapewa kinanda, kinawafaa. Marafiki wote watatu wakatikisa vichwa kukubali. Nikhilesh naye alikubali, kwa haraka ya mtu aliyeona mlango wa kutokea.

Tarulata alikaa sakafuni. Mikono yake ilikuwa imekonda siku hizi, kwa hiyo haikuhitaji sabuni. Alivuta bangili ya kwanza, ya pili, akazivuta zote nne, akaziweka juu ya kifuniko cha kinanda mbele ya jina lake. Hivyo hufanywa kwa mwanamke siku maiti ya mumewe inapotolewa nyumbani, na wanaomfanyia huwa ni wajane wenzake.

"Unanifanyia uchuro, mama Tukai," Nikhilesh alisema. "Mbele za watu. Mimi nimekukosea nini?"

"Sogeza hizo ngoma, Bwana Gobindo," Tarulata alisema.

Gobindo alisogeza. Alimwonyesha mahali pa kuweka kiganja na mahali pa kuachia kidole. Tarulata alipiga. Ilitoka sauti ya mtu anayetua mfuko wa unga. Alipiga tena, mbaya vilevile, na tena, na hakuna aliyesema ni mweusi wala mweupe. Alipiga mpaka kiganja kikawaka moto, kisha akaagiza zifungwe.

Walirudi kwa miguu. Nikhilesh alibeba ile ngoma ya shaba kwapani kwa sababu ni nzito, na bangili alizitia mfukoni, mkono mwingine ukizishikilia asije akazivunja. Walipofika kwenye kivuko cha reli, lango likafungwa mbele yao, wakalazimika kusimama.

"Siku ile," alisema bila kumtazama, "hukunipenda hata kidogo?"

Tarulata alifikiria kumdanganya. Ilikuwa miaka mingi, na mtu mwenyewe alikuwa amebeba ngoma.

"Sikuruhusiwa kuinua macho," alisema. "Niliona miguu yako tu. Soksi ya kushoto ilikuwa imetoboka, dole gumba lote liko nje, na ukucha mrefu. Nikasema moyoni, mimi nimesuguliwa manjano siku mbili, na huyu hata soksi hakubadilisha."

Treni ya mizigo ilipita, mabehewa mengi. Nikhilesh alingoja lipite la mwisho.

"Lakini ulikubali," alisema.

"Nani aliniuliza?" Tarulata alisema. Lango likafunguka, akatangulia.